UZI: INFP, mkimya anayewaka pale mwenzake anapoonewa, na kwa nini hajiteteagi mwenyewe

Habari zenu wakuu. Huu uzi ni mrefu, anayependa kusoma avute kiti kabisa, nimekaa nao kichwani zaidi ya mwaka na leo nimeamua niumwage wote.

Nianze na kitu kilichonitokea. Tulikuwa kwenye kikao kazini, watu kama kumi na wawili hivi, bosi anamsema binti mmoja mgeni kwamba ndiye aliyeharibu ripoti, takwimu zimepishana, mteja kakasirika. Sasa mimi nilikuwa najua sio yeye. Ile faili niliiona jana yake kabla haijafika mezani kwake na makosa yalishakuwemo. Yule binti alikuwa ameinamisha kichwa anachora duara kwenye daftari, anazungusha kalamu palepale, palepale, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Macho yangu yakaganda kwenye ile kalamu. Mimi kwenye vikao sisemagi, naweza nikamaliza miezi mitatu sijafungua mdomo zaidi ya salamu, ila siku ile nikasikia sauti inasema "sio yeye, makosa yalikuwepo kabla", na ikanichukua muda kidogo kushtuka kwamba sauti yenyewe ni yangu. Mikono imekuwa ya baridi, masikio yanawaka moto. Watu wote wakageuka kuniangalia.

Sasa kilichonifanya niandike uzi ni hiki. Wiki mbili kabla ya hapo, bosi huyohuyo alichukua kazi niliyoifanya mimi kwa siku nyingi za kukesha akaiwasilisha kwa wakubwa kama ya kwake. Nimekaa palepale, kiti kilekile. Sikusema kitu. Nilirudi nyumbani nikajiambia haina shida, mambo madogo hayo, nikalala. Kwa nini niliweza kusimama kwa ajili ya mtu niliyemfahamu mwezi mmoja tu halafu nikashindwa kusimama kwa ajili yangu?

Hilo swali lilinitesa sana. Ndio likanipeleka kusoma habari za INFP, maana nilishawahi kufanya ile testi ya tabia onlaini zamani, ile wanayoiita MBTI, nikapata hizo herufi nikazipuuza.

Kwa wasiojua, kwa kifupi. Herufi ziko nne. I ni mtu anayejichaji akiwa peke yake, yaani introveti, watu wakimzunguka sana anaisha betri. N ni mtu anayeangalia maana na uwezekano uliojificha nyuma ya jambo kuliko jambo lenyewe. F ni mtu anayeamua kwa kupima kitu na utu na thamani zake za ndani. P ni mtu anayependa mambo yabaki wazi, hapendi kufunga mlango mapema. Ukichanganya hizo nne unapata mtu mpole, msikilizaji, mwenye ndoto kubwa kuhusu dunia inavyotakiwa iwe, na ambaye dunia ilivyo inamuuma kwelikweli. David Keirsey, mwanasaikolojia wa Marekani, watu hawa aliwaita waponyaji.

Chimbuko la herufi hizi ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alitoa kitabu mwaka 1921 akieleza kwamba watu wanatofautiana wapi nguvu zao zinaelekea, ndani au nje, na kwa njia gani wanapima mambo. Kuna sehemu anaelezea watu ambao hisia zao zimegeukia ndani, anatumia methali ya kwao ya maji yaliyotulia kuwa na kina kirefu. Sisi tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi naona yetu imekaa vizuri zaidi kwa mada ya leo, kwa sababu inasema kimya hicho kuna siku kitalia.

Halafu kuna mama na binti yake huko Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers. Hawa ndio walichukua mawazo ya Jung wakayageuza kuwa maswali ya karatasi ambayo mtu yeyote anaweza kujibu. Isabel alianza kuandika maswali yale wakati wa vita kuu ya pili, miaka ya mwanzoni mwa 1940, saikolojia hakuisomea darasani, na wazo lake lilikuwa kwamba watu wakielewa tofauti zao watapata kazi zinazowafaa na wataacha kuumizana bila sababu. Dunia inaungua yeye yuko nyumbani anaandika maswali akiamini yatasaidia watu kuelewana! Ilimchukua mpaka 1962 ndipo testi ikachapishwa na taasisi kubwa, miaka kama ishirini ya kubishana na wasomi waliokuwa wanamuona hana vyeti. Na yeye mwenyewe Isabel alikuwa anajihesabu ni INFP. Nikilifikiria hilo huwa naguswa sana, maana testi yenyewe ni kazi ya mtu wa aina hii aliyekomaa na jambo moja miaka ishirini.

Kabla hatujaenda mbali, najua kabisa kuna wadau watakuja kusema haya mambo sio sayansi. Wana hoja na sitaki kuwapita. Watu wengi wakirudia ile testi baada ya wiki kadhaa wanapata herufi tofauti, na wanasaikolojia wengi wa utafiti siku hizi wanatumia vipimo vya sifa tano ambapo huwekwi kwenye boksi, unapewa uko wapi kwenye mstari, na wengi wetu tunaangukia katikati. Pia kuna jaribio la mwanasaikolojia Bertram Forer la mwaka 1948, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni ya kwake peke yake, kumbe wote wamepewa karatasi moja, na walipoulizwa yamewaelezea vizuri kiasi gani wakatoa wastani wa 4.26 kati ya 5. Kwa hiyo ukisoma maelezo ya INFP ukalia ukasema huyu ni mimi, jipe muda kwanza. Mimi hizi herufi nazitumia kama jina la tabia fulani ninayoiona kwangu na kwa watu kadhaa ninaowajua, sio cheti cha kuzaliwa. Na asije mtu akazitumia kumnyima mwenzake kazi, hata wenyewe wanaoitoa hiyo testi wanasema haifai kuchagulia waajiriwa.

Haya turudi kwenye ushujaa wa huyu mkimya, ule wa kusimama pale mwenzake anapoonewa.

Wanaofuata mafundisho ya Jung wanasema kila aina ina vitu vinne ndani yake vimepangana kwa nguvu, cha kwanza kina nguvu kuliko vyote, cha nne ndio dhaifu kabisa. Kwa INFP cha kwanza ni hiyo mizani ya ndani. Naomba mtu asielewe vibaya hapa, ikisemwa hisia watu wanafikiria kulialia. Hapana. Ni mizani, inapima kila kitu: hiki ni haki, hiki sio haki, hiki ni cha kweli, huyu anaigiza. Inafanya kazi usiku na mchana na mwenye nayo hawezi kuizima, na mara nyingi hawezi hata kuielezea kwa maneno, anajua tu kwamba hapa kuna kitu kimekaa vibaya. Cha pili ni kuona uwezekano, na hapo ndipo anapojiweka kwenye viatu vya mwingine kwa haraka ya ajabu. Cha tatu ni kumbukumbu, kila alipowahi kuumia pamehifadhiwa. Cha nne, kile dhaifu, ni kupanga mambo ya nje: ratiba, orodha, kufuatilia, kutoa amri, kumwambia mtu nipe hiki saa fulani.

Ukiweka hivyo vinne pamoja unaona kwa nini anakuwa kama alivyo. Kwenye mambo ya kawaida huyu mtu anaachia tu. Mnataka kukaa huku, sawa. Mmechagua rangi ambayo haipendi, sawa. Watu wanamzoea wanasema huyu hana neno, unaweza kumsukuma popote. Halafu siku moja unagusa kile kilicho kwenye mizani, unamdhalilisha mtu mbele yake, unadanganya kuhusu jambo ambalo kwake ni takatifu, na ghafla unakutana na ukuta. Hapigi kelele, hatukani, ila hasogei hata hatua moja, na anayemsukuma anashangaa huyu ndio yule mpole wa jana?

Watu wanamuona ni kigeugeu, kumbe ile mizani ilikuwa inapima muda wote ila uzito haukuwa umefika.

Kwa nini inawaka kwa mwingine na kwake haiwaki? Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni kwamba maumivu ya mwingine anayaona kutoka nje na ndio maana anayaona yote. Yule binti nilimuona mzima, kichwa chini, kalamu inazunguka, karatasi inatoboka. Mimi mwenyewe sikujiona siku ile bosi anawasilisha kazi yangu, nilikuwa ndani yangu, nilichokuwa nakisikia ni sauti inasema labda nakosea, labda kweli alichangia, labda nikisema nitaonekana mchoyo. Mizani inapima kila mtu lakini mwenyewe hayupo juu yake, ndio ameishika. Halafu kuna kitu kingine, watu wa aina hii wanaogopa sana kuwa wabinafsi, kiasi kwamba kudai haki yao wenyewe wanakuhisi kama dhambi.

Sasa kuna mtu ataniambia ndugu, kusema neno moja kwenye kikao ndio ushujaa? Mashujaa wanabeba silaha. Nikuulize, umewahi kukaa kwenye chumba ambacho wote wamekubaliana kukaa kimya? Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley waliweka watu kwenye chumba wanajaza fomu, halafu moshi ukaanza kuingia kupitia tundu ukutani. Aliyekuwa peke yake, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Aliyekaa na watu wawili waliopangwa wajifanye hawaoni kitu, ni asilimia 10 tu waliotoka. Moshi ni uleule! Watu wanafuta macho, wanapunga karatasi, wanaendelea kujaza fomu, kwa sababu wenzao wametulia.

Na kabla ya hapo, miaka ya 1950, mwanasaikolojia mwingine, Solomon Asch, alikuwa anawaonyesha watu mistari anauliza upi unalingana na ule wa kwanza, jibu liko wazi kabisa, ila waliokuwemo chumbani wote wamepangwa waseme jibu la uongo isipokuwa mmoja ambaye hajui. Karibu theluthi ya majibu ya huyo mmoja yalifuata uongo wa wengi. Lakini sehemu ninayoipenda ni hii: Asch alipoweka mtu mwingine mmoja tu wa kusema jibu la kweli, yale makosa yalishuka mpaka kama robo ya mwanzo. Mtu mmoja tu. Hakuhitaji kuwa na cheo wala kuhutubia, alihitaji tu kutaja mstari sahihi kwa sauti.

Nilipolisoma hilo nikakumbuka kikao chetu, maana baada ya mimi kusema yale maneno machache, kulipita ukimya kama wa dakika nzima hivi (labda ulikuwa mfupi, mimi niliuona mrefu), halafu jamaa wa upande wa pili wa meza akasema "kweli, hata mimi niliiona ile faili", na dada mwingine akasema hivyohivyo. Wote wawili walikuwa wanajua muda wote. Ndio maana nasema mtu mkimya asidharau sentensi yake moja, kwa sababu huyu huwa haongei, na siku akiongea watu wanasikiliza kwa namna ambayo muongeaji wa kila siku hasikilizwi.

Tukipanda juu kidogo kwenye historia. Sitasema fulani alikuwa INFP, watu waliokwisha kufa hawakufanya testi na ni kuwaonea kuwabandika herufi kama wanavyofanya huko mitandaoni. Ila nataka kuonyesha aina ya ushujaa ninayoiongelea.

Chiune Sugihara, mwanadiplomasia wa Japani, mwaka 1940 alikuwa Kaunas huko Lithuania. Wakimbizi wa Kiyahudi wamejaa nje ya geti lake wanaomba viza wapite Japani wajiokoe. Akaomba ruhusa kwa wakubwa wake Tokyo, wakakataa. Akaomba tena, wakakataa tena. Akaanza kuziandika bila ruhusa. Kwa mkono. Viza moja moja, siku nzima mpaka usiku, kwa wiki kadhaa, mke wake anamkanda mkono uliokaza, na hata siku ya kuondoka aliendelea kuandika mpaka stesheni ya treni. Orodha ya viza zile ina majina zaidi ya 2,000, na nyingine zilibeba familia nzima. Baada ya vita alipoteza kazi ya ubalozi akaishi kimya miaka mingi.

Mwingine ni Nicholas Winton, kijana wa Kiingereza wa miaka 29, mwishoni mwa 1938 alikuwa aende likizo akaishia Prague kwa sababu rafiki yake alimuita aone hali ya wakimbizi. Aliporudi London akaanza kazi ya kutafuta familia moja moja za kupokea watoto, kukusanya picha, kujaza fomu, kutafuta dhamana ya pauni 50 iliyodaiwa na serikali kwa kila mtoto, kufukuzana na maofisa wa vibali. Watoto 669 walitoka. Treni ya mwisho ilikuwa iondoke tarehe 1 Septemba 1939, vita ikaanza siku hiyohiyo, haikuondoka, na karibu watoto 250 walikuwa waende nayo. Na watu wengi hawakujua habari hiyo mpaka 1988, kama miaka hamsini baadaye, kitabu chake cha kumbukumbu chenye majina ya watoto kilipojulikana.

Mmeona wanachofanana? Karatasi. Fomu, orodha, mhuri, saini, barua, tena barua. Hapa ndipo pana somo kubwa kwa sisi tuliopewa moyo wa huruma na kichwa cha ndoto, maana kile tunachokidharau, kile cha nne dhaifu, kupanga na kufuatilia, ndicho kilichowatoa wale watoto. Huruma peke yake ingeishia kulia getini. Mimi najua watu wanaolia wakisoma habari za mateso ya wengine, wanalia kwelikweli, sio uongo, halafu hakuna simu waliyopiga, na mimi nimekuwa mmoja wao miaka mingi tu. Ndani ya kichwa unaokoa dunia nzima, unaona mpaka hotuba utakayotoa, na ukimaliza kuiwaza unajisikia umechoka na umeridhika kama vile umeshaifanya. Huu ni mtego mbaya sana kwa INFP, pengine mbaya kuliko woga.

Kinachonisaidia mimi ni kujiuliza: kwenye jambo hili karatasi yake ni ipi? Yaani kuna kitu gani kimoja kidogo cha kuandika, kutuma, kupiga simu, kusaini, ambacho nikikifanya leo kesho kutakuwa na tofauti hata ndogo. Ukikosa jibu, basi bado uko kwenye ndoto.

Upande wa giza siwezi kuuruka. Kuna ushujaa mwingine ambao unaharibu, na watu wa aina hii tunaingia humo kirahisi sana, nao ni kumuokoa mtu ambaye hajaomba kuokolewa. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameachana na mwenzi wake, amevunjika, na mimi nikavaa majukumu. Namtumia meseji ndefu usiku wa manane, namtafutia mshauri, nampangia aamke saa ngapi, aache kuongea na nani, nikawa najisikia nina kazi takatifu. Kila aliporudi nyuma nilikuwa naumia mimi kuliko yeye. Mwisho akaacha kunijibu. Tulipokuja kuongea baada ya miezi akaniambia kwa upole tu kwamba siku ile alinipigia akitaka niende tukae, na mimi nikaenda na mpango. Nilinyamaza. Alikuwa na haki, kwa sababu nilikuwa namuokoa mtu niliyemtengeneza kichwani, na yule aliyekuwa mbele yangu nilimuona anachelewesha hadithi.

Watafiti Samuel na Pearl Oliner, waliowahoji zaidi ya watu 400 waliowaficha Wayahudi wakati wa vita wakatoa kazi yao mwaka 1988, walikuta kwamba wengi walianza kwa sababu kuna mtu aliwaomba. Mtu kagonga mlango. Na wengi wao walipohojiwa walikuwa wanashangaa kwa nini wanaitwa mashujaa, wanasema sasa ningefanya nini kingine? Hilo la kuombwa limekaa moyoni mwangu tangu nilisome. Siku hizi kabla sijaanza kumuokoa mtu namuuliza unataka nini kutoka kwangu, na nikishajibiwa nafanya hicho hicho, hata kama ni kidogo kuliko nilichokuwa nimewaza. Isipokuwa pale mtu anapoonewa hadharani na hawezi kusema, kama yule binti, hapo siulizi.

Na kuna suala la kuchoka. Introveti akipigania jambo anatumia nguvu mara mbili, ya jambo lenyewe na ya kuwa mbele za watu. Baada ya kile kikao nililala masaa kumi na moja mfululizo. Wengine wanajilaumu hapo, wanasema mbona wenzangu wanapambana kila siku mimi nikipambana mara moja nakufa wiki nzima. Mkuu, wewe pumzika, zima simu, kaa na kitabu chako, huo sio usaliti.

NAONGEZEA kwa sababu maswali yamekuwa mengi na mengine yamekuja kwa meseji za pembeni.

Mdau mmoja kauliza, ana mume INFP, kwenye ugomvi wao wa ndani hasemi kitu ila akisikia jirani kaonewa anatoka mbio, je hampendi? Dada, nadhani ni kinyume chake. Kwako anaogopa kuharibu, na kuna uwezekano mkubwa kuna vitu vinamuuma anavimeza. Usimbane akujibu hapohapo. Mwambie leo nataka tuongee jambo fulani usiku, mpe masaa ya kulipanga kichwani, na kama anaweza kuandika mwache aandike. Wengi wetu ukweli wetu unatokea kwenye vidole kabla ya mdomo.

Mwingine kauliza kama unaweza kujifunza, maana yeye ni mkimya na anapitwa na nafasi za kusema kila siku, anakuja kupata jibu zuri akiwa ameshafika nyumbani. Mimi ninachofanya ni kwamba nimejiwekea sentensi tatu tayari, fupi sana: "sikubaliani na hilo", "naomba turudi hapo nyuma", "sio yeye". Hazihitaji ufasaha wala hoja kamili. Zinasimamisha tu gari, halafu hoja itafuata, au mwingine ataitoa. Na ukikosa nafasi kwenye kikao, barua baada ya kikao nayo ni sauti, msisahau Sugihara alitumia kalamu.

La mwisho ndilo nililoulizwa na watu wengi zaidi, je na wewe ulikuja kujitetea au uliishia kwa yule binti?

Ilinichukua miezi mitano. Nilijaribu kuandika kwa bosi nikashindwa, kila nikianza "mimi nilifanya" mkono unaganda, nafuta, naandika tena, nafuta. Halafu nikakutana na kazi ya mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake ya mwaka 2014, walionyesha kwamba mtu akijizungumzia kwa jina lake badala ya kusema mimi, hata kimoyomoyo, presha ya jambo gumu inapungua na analishughulikia vizuri zaidi. Nikajaribu. Nikaandika barua yote kana kwamba namtetea mfanyakazi mwenzangu ambaye jina lake ni langu. Fulani ndiye aliyeandaa sehemu ya pili na ya tatu, tarehe hizi, faili hizi, Fulani hakutajwa, naomba atajwe. Ikatoka kwa dakika ishirini, na nilipokuwa naandika nilianza kumuonea uchungu huyo Fulani, nikaona kweli huyu mtu kaonewa. Halafu nikarudi juu nikabadilisha kila Fulani kuwa mimi, nikatuma kabla sijaisoma mara ya pili.

Bosi alijibu mstari mmoja, kwamba ameona na ripoti inayofuata itarekebishwa. Ikarekebishwa. Sijapandishwa cheo, na yeye hajawahi kuliongelea tena, tunasalimiana kama kawaida.

Mliosema niweke ile barua hapa, nitaiweka kesho nikishaondoa majina na tarehe, ila jaribuni kwanza kuandika ya kwenu kwa jina lenu kabla hamjaiona yangu, maana ile hatua ya kubadilisha Fulani kuwa mimi ndio ngumu kuliko zote na sitaki muiruke.